Boksi la spika kwa mpiga gitaa wa prosesa: lipi ununue Dar

Ukishahama kutoka ampu ya zamani kwenda prosesa, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu, iwe Helix, Kemper, Quad Cortex au ile Zoom uliyoipata mkononi mwa mtu, shida inakuja siku ya shoo. Sauti uliyoihangaikia chumbani kwa hedifoni itatokea wapi jukwaani? Fundi mitambo atakwambia, "We piga tu kaka, mbele unasikika," na monita (spika ya kujisikilizia jukwaani) pekee iliyopo kageuziwa mwimbaji.

Usikimbilie boksi la kawaida la gitaa. Prosesa tayari inaiga spika ya gitaa pamoja na maiki iliyowekwa mbele yake. Spika halisi ya gitaa huishiwa pumzi ikifika karibu Hz 5,000, yaani sauti za juu zaidi ya hapo haitoi vizuri, hivyo sauti ikipita humo inachujwa mara mbili na kutoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Unachotaka ni boksi la sauti kamili, lenye besi, kati na juu.

Wengi huko nje hununua aktivu, yenye ampu ndani: FRFR-112 ya Headrush, Powercab ya Line 6, FR-12 ya Fender. Ni nzuri. Lakini kwa mizunguko ya hapa Dar mimi nachagua pasivu, isiyo na ampu ndani. Jenereta ya ukumbi inapanda na kushuka, joto halipoi, hewa ya bahari ina chumvi, na vyote hivyo vinaanza na ampu. Ikiungua ndani ya boksi, umekwama na mzigo wote. Ikiungua ya pembeni, unaazima nyingine na sebene linaendelea. Tena boksi pasivu halina plagi, kwa hiyo ndugu akikuletea kutoka Marekani, habari ya volti 120 na 230 haikuhusu. Ampu yenyewe unaibeba begini: PowerStage 170 ya Seymour Duncan ni kadude ka daraja D (aina ya ampu nyepesi isiyopata moto sana) kanakotoa wati 170 kwenye spika ya omu 4; omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme wa ampu. Kwenye omu 8 zinapungua, liweke hilo akilini.

Nafasi ya kwanza naipa spika ya Celestion F12-X200 ndani ya boksi utakalochongesha mwenyewe. Ni ya inchi 12, wati 200, omu 8, na inafika kuanzia Hz 60 hadi 20,000. Twita yake, yaani kispika cha sauti za juu, iko katikati ya spika hiyohiyo, ndiyo maana ukisogea hatua mbili jukwaani sauti haikukimbii. Imetengenezwa iingie kwenye boksi la kawaida la gitaa, hivyo kama una boksi la zamani ambalo spika imechanika, umeshaokoa nusu ya gharama. Kama huna, nenda Keko. Mafundi samani wa pale wanakata mbao vizuri kuliko viwanda vingi, ila simama nao. Waambie plaiwudi ya milimita 18, siyo MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), maana MDF ikinyeshewa mara moja kwenye kirikuu inavimba pembeni kama andazi. Tundu wasilikate kwa kukisia, wape spika yenyewe waipime. Viungo vyote viwekwe gundi, asikuachie misumari mitupu, la sivyo boksi litakuwa linakoroma kila ukigusa uzi wa sita, ule mnene. Spika utaiagiza nje, kwa hiyo piga hesabu ya usafiri na ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake.

Ya pili ni boksi pasivu la inchi 12 la muziki wa jumla, kama JRX212 ya JBL au CBR12 ya Yamaha, zote omu 8. Mpiga solo wa dansi anaweza hata kuliweka la kwanza, sitabishana naye. Ukisikiliza solo la bendi kama Sikinde au Msondo unajua kila noti inatakiwa isimame peke yake, na twita ya pembeni inalitoa hilo vizuri. Anayepiga gitaa la kukwaruza (distoshen) ndiye litakayemchoma masikio; aingie kwenye prosesa akate sauti za juu kuanzia Hz 6,000 hivi.

Shida ni feki. Kariakoo niliwahi kuuziwa boksi limeandikwa wati 1000 kwa herufi za dhahabu. Tulifika nalo Sinza, nikapiga, juu hakuna kitu. Nilipolifungua nikakuta twita imefungwa kwa skrubu nne na haina hata waya. Pambo!

Ya tatu ni Kabinet ya Kemper, na ni kwa mwenye Kemper tu. Spika yake, Kone, ni omu 4, wati 200, na sauti yake inanyooshwa na programu iliyo ndani ya Kemper yenyewe. Ukiichomeka kwenye prosesa nyingine utailaumu bure.

Boksi la inchi 15 liache kwa mpiga besi. Halipandi bajaji bila ugomvi.

Dukani nenda na gitaa lako, prosesa yako na ampu yako, na usiogope kumchosha muuzaji. Beba pia mita ya kupimia umeme na betri moja ya saa ya ukutani. Boksi la omu 8 likipimwa kwa mita husoma karibu 6. Likisoma 3 ni la omu 4, na lisiposoma kitu koili imekatika. Betri iguse kwenye ncha za waya, chanya kwa chanya: spika inatakiwa isogee mbele, kuja kwako. Ikirudi nyuma, waya za ndani zimegeuzwa, na ukiliweka pamoja na boksi jingine besi itapotea hujui imeenda wapi. Twita isikilize kwa sikio karibu kabisa, ukicheza wimbo wenye matoazi kutoka kwenye simu.

Maboksi mawili ya omu 8 ukiyaunga pamoja unapata omu 4, na ampu nyingi ndogo zinaishia hapo. La tatu usiongeze. Na kutoka ampu kwenda kwenye boksi tumia waya wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba, unapata moto, na kitakachoungua ni ampu.