TAHADHARI: Pampu za vakyumu za breki "mpya" zinazoletwa Pemba kwa boti

Ndugu zangu wenye gari za dizeli, hasa mnaobeba watu kwenye vilima vya Mkoani na Chake Chake, someni hili kabla hamjatuma pesa.

Nina Hiace niliyoitoa viti nikaitia vitanda na jiko. Wageni wanaikodi, wanazunguka kisiwa na kulala humo humo. Gari imekuwa nzito. Na dizeli si kama petroli, busta ya breki (kile chombo kinachousaidia mguu kukanyaga) haipati mvuto, yaani vakyumu, kutoka kwenye injini yenyewe, inategemea pampu ndogo iliyo nyuma ya altaneta. Injini ikizimika mteremkoni unapata breki moja au mbili laini, kisha pedali inakuwa jiwe. Ndipo nikatafuta pampu ya akiba ya umeme, volti 12.

Muuzaji nilimpata kwa simu, akasema yuko Unguja, mzigo "mpya, orijino". Nikamtumia laki mbili na nusu. Boksi lilikuwa jipya kweli. Lakini nilipoikwaruza pampu kwa ukucha, rangi nyeusi ilibanduka, chini yake kutu. Vichwa vya skrubu vimeliwa na bisibisi, stika imebandikwa juu ya grisi kavu. Fundi akaunga geji ya kupima mvuto: sindano ikafika inchi 8 za zebaki ikagoma. Kwa pampu ya gari yenyewe, geji hiyo hiyo inapita 20. Haikumaliza dakika nne ikaanza kunuka waya unaoungua.

Pesa imeniuma, sisemi uongo, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba aliyeipaka rangi alijua fika inakwenda kwenye breki. Nilipompigia muuzaji alisema fundi wangu hajui kuifunga. Kesho yake hapatikani tena.

Juzi nimeiona picha ile ile kwa jina jingine: pampu juu ya kitambaa cha meza cha miraba ya buluu, boksi pembeni. Mkiiona, iacheni.

Uliyekwisha kununua, ijaribu gari ikiwa tambarare. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uache mguu hapo hapo, kisha washa pampu peke yake. Pedali isiposhuka kidogo chini ya mguu, pampu haivuti. Usiitegemee hata siku moja.

Yangu sijaitupa. Anayetaka kulinganisha na yake aje Chake aione.