Barua za nyumbani kwa Darwin: hifadhi ya bure, na namna ya kuisoma

Anayefundisha au kusoma historia ya sayansi hapa Nairobi hana haja ya kungoja juzuu 30 za barua za Charles Darwin zifike kwenye rafu za maktaba. Mradi wa Cambridge uliozihariri, Darwin Correspondence Project, juzuu ya kwanza ikitoka 1985 na ya mwisho 2023, umeweka barua zaidi ya 15,000 mtandaoni bila malipo. Kurasa za barua karibu zote ni maandishi matupu, kwa hivyo bando dogo la simu linatosha. Picha za hati ndizo zinazokula data.

Uhondo umo kwenye barua za jamaa. Chukua ya 31 Agosti 1831. Kijana anamwandikia babake, ambaye hataki apande Beagle, meli ya safari ya uchunguzi, na anaambatisha pingamizi nane za mzee: mpango ni wa kiholela, utamchafulia jina akija kuwa kasisi, hatatulia tena maishani. Usiishie hapo. Fungua majibu ya mjomba wake, Josiah Wedgwood, anayezijibu hoja moja baada ya nyingine, na uzisome barua hizo mbili sambamba. Hapo mjomba anaonekana akifanya kazi ya mjomba hasa, na baba akalegeza msimamo.

Darwin alikuja kumwoa Emma, binti wa mjomba huyohuyo, tarehe 29 Januari 1839, na hapo ndipo wengi hukwama wanapotafuta. Kabla ya siku hiyo Emma ni Wedgwood. Jaribu majina yote mawili. Wana nao huandikwa kwa herufi: W. E. ni William, G. H. ni George. Tarehe iliyo ndani ya mabano ya mraba imewekwa na wahariri, kwa hivyo usiinukuu kana kwamba ni ya mwandishi.

Barua ya 5 Julai 1844 inamwagiza Emma kwamba Darwin akifa ghafla, atenge pauni 400 za kuchapisha insha yake kuhusu spishi. Kati ya wahariri anaowapendekeza, Lyell, mwanajiolojia, ndiye bora. Lakini Agosti 1854 aliongeza kwamba Hooker, mtaalamu wa mimea, anawapita wote kwa mbali. Asiyeshuka hadi kwenye nyongeza na tanbihi ataondoka na jina lililokwisha kubadilishwa.

Za Aprili 1851 zataka utulivu. Darwin yuko Malvern, mji wa matibabu ya maji, na Annie, bintiye wa miaka 10, aliye mahututi. Emma ni mja mzito, kabaki nyumbani Down. Tafuta za tarehe 17 hadi 24, kisha chora safu mbili kwenye karatasi: siku barua ilipoandikwa, na barua inayojibiwa. Posta ilichukua muda, na ukifuata tarehe peke yake utadhani Emma haelewi, kumbe anajibu habari za jana. Annie alifariki tarehe 23.

Pengo kubwa la hifadhi hii ni barua ambazo Darwin hakuziandika wala hakuandikiwa, kama za Emma na mashangazi zake: nyingi hazimo. Anayetafiti maisha ya Emma mwenyewe asitegemee hifadhi hii pekee. Kwa anayetaka kumwona msomi huyu akiwa mwana, mume na baba, sijaona hifadhi inayoifikia. Hifadhi kurasa kama PDF kabla ya kipindi, maana intaneti ya darasani si ya kutegemewa.