Laptopu niliyonunua Makoroboi: kioo kizuri, ila ilikuja na kufuli

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Hesabu zangu zote zimo kwenye programu aliyonitengenezea mtoto wa dada yangu: naingiza magunia, kilo, jina la mteja na deni lake, risiti inatoka. Haipo kwenye duka lolote la programu. Naitumia mimi tu.

Laptopu hii nimeinunua mpya, shilingi 650,000, duka moja jirani na Makoroboi. Kwa umbo siilaumu. Ni nyepesi, chaji inafika mchana, na kioo kinasomeka hata jua la saa tano likipenya kwenye turubai.

Siku ya kwanza mzigo wa Ukerewe umeshuka, wateja watatu wako mizanini, nachomeka flashi, nabofya programu. Inagoma. Inaniambia inakubali programu za Microsoft Store pekee. Narudia, jibu lilelile. Siku hiyo nimeandika madeni kwa peni juu ya kipande cha boksi, na mpaka leo kuna gunia moja sijui nimdai nani.

Jioni nikampigia kijana. "Mamdogo, programu haina kosa. Hiyo mashine ina Windows ya modi S."

Microsoft waliileta 2017. Programu isiyotoka dukani kwao haifunguki, na hivyo virusi vinapungua. Hilo nalielewa vizuri, maana flashi za sokoni zinapita mikono kumi kwa siku. Mtoto wa shule ingemfaa. Lakini muuzaji aliniuliza kazi yangu, nikamweleza mpaka habari za risiti, na hakunitajia kufuli. Hela nimetoa mimi. Kwa nini cha kufunguka humu aniamulie mtu mwingine?

Kuitoa ni bure: mipangilio, mfumo, uwezeshaji, halafu inakupeleka dukani kwao. Unahitaji akaunti ya Microsoft na bando. Ukishatoka hurudi tena modi S. Baada ya hapo nilipofungua programu yangu, Windows ilinionya kwamba mtengenezaji hajulikani, lakini ikaniachia sehemu ya kubofya niendelee. Hivyo ndivyo ninavyotaka kutendewa: nionye, kisha niache niamue. Kwenye Mac, yaani kompyuta za Apple, mtengenezaji anayetaka programu yake ithibitishwe na Apple, ifunguke bila mteja kuhangaika kwenye mipangilio, analipa dola 99 kila mwaka. Kijana wangu azitoe wapi, na mteja wake ni mama mdogo peke yake?

Mashine naipa nyota nne, duka mbili. Ukienda kununua, iwashe hapohapo kaunta, ingia mipangilio, mfumo, kuhusu, usome toleo la Windows. Ukiona maneno "S mode" mwishoni, mwambie muuzaji aitoe hiyo modi kwa bando lake kabla hujahesabu noti.