Domeini ya shilingi 1,500: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Mwaka jana nilimfungulia dada yangu tovuti ya biashara yake ya kupikia watu harusi hapa Mombasa, ingawa sikuwa nimewahi kununua domeini (jina la tovuti mtandaoni) wala kukodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti). Tulichagua jina linaloishia na .co.ke kwa kuwa wateja wake wote wako Kenya. Majina hayo husimamiwa na KeNIC, shirika la usajili wa domeini za Kenya, lakini sisi wanunuzi huyapata kupitia kampuni zilizoidhinishwa kuyauza.

Kampuni niliyoiendea ilitangaza domeini pamoja na GB 5 za nafasi kwa shilingi 1,500 kwa mwaka, nami nikalipa kwa M-Pesa usiku uleule. Kilichonisumbua ni kuelekeza domeini kwenye seva: niliruka herufi moja katika jina la seva, kisha nikakaa siku nzima nikisubiri, nikiamini kwamba ni ule ucheleweshaji wa hadi saa 48 wa mabadiliko kusambaa mtandaoni ambao kila mtu huuzungumzia. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, na mhudumu aliligundua kwa dakika mbili. Cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano kati ya tovuti na mgeni wake, walitaka kuniuzia kando, nikakataa, kwa sababu kile cha Let's Encrypt hutolewa bure na kilikuwa tayari ndani ya cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti. Tangu hapo tovuti imefunguka vizuri hata kwenye simu za bei nafuu, na picha za biriani za dada hazijajaza hata robo ya nafasi ile.

Malalamiko yangu yanaanzia mwaka wa pili. Ankara ilikuja ya shilingi 5,200, na niliporudi kwenye ukurasa wao niliikuta bei hiyo imeandikwa chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ambayo sikuyasoma nilipokuwa na haraka ya kulipa. Nilipoamua kuhama ndipo nilipobaini jambo zito zaidi: domeini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kampuni, si la dada, hivyo msimbo wa kuihamisha tusingeupata bila ridhaa yao. Ilichukua wiki tatu za barua pepe, nikiambatisha risiti ileile kila mara, hadi wakabadilisha.

Kwa kasi na huduma ningewapa nyota nne, lakini kwa usajili ule nawapa mbili. Tovuti sasa iko kwa kampuni nyingine, ambako kabla ya kulipa niliuliza mambo mawili tu: bei ya mwaka wa pili, na jina litakaloandikwa kwenye safu ya mmiliki.