Uzoefu wangu: siku ya kupimwa kabla ya kozi ya tek, Nyali

Watu wameniuliza sana hii kitu basi wacha niandike mara moja. Kuna senta ya mbizi huku Nyali (jina naliacha, kuna mahali nitawasema) wanafanya siku nzima ya kukupima kama uko tayari kwa tek (mbizi za kiufundi, zinazopita zile za burudani) kabla hawajala hela yako ya kozi. Mimi nasema inafaa, hata kama bei inauma.

Logi buku yangu hata hawakukaa nayo. PADI (shirika la kutoa vyeti vya mbizi) kwa Tec 40, kozi yao ya kwanza ya tek, wanataka angalau mbizi 30, na 10 kati ya hizo ziwe za nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) kupita mita 18, wakaangalia hapo wakaiweka kando. Walichotaka ni kuniona nimekaa mita 6 bila kushika kamba, bila kupiga kasia na mikono, huku natoa boya la kuonyesha juu niko wapi na kufungua rili ya kamba yake. Hapo ndo kazi iko walahi! Ukipuliza boya linakuvuta juu, ukibana pumzi unapanda, macho yakienda kwa rili unajikuta unashuka, na deko (kupanda kwa kusimama vituo ili gesi itoke mwilini polepole) haitaki mchezo manake ukishaingia deko kukiharibika kitu huwezi kukimbilia juu vile tulivozoea, unamalizana nacho huko huko chini.

Mwenzangu tuliyeenda naye anapeleka wageni MV Dania msimu mzima wa kaskazi, ile meli ilozamishwa makusudi 2002, iko kama mita 30, anaijua kama jikoni kwa mamake. Yeye akaambiwa bado. Akawaka! "Mimi nazamia kila siku, mtu ataniambia nini?" Instrakta hakubishana, akamwekea video tu. "Kaka, angalia mikono." Mikono inapepea mwanzo mpaka mwisho, na kila akitazama geji magoti yanashuka. Sa hapo utasema nini.

Mimi shida yangu ilikuwa valvu. Twinset (silinda mbili za mgongoni zilizounganishwa) valvu ziko nyuma ya kichwa, unafunga ya kulia, unahamia rigyuleta ya akiba inayoning'inia shingoni, unafungua, unakuja ya katikati, halafu kushoto. Nchi kavu rahisi, majini vidole vinaishia hewani. Instrakta akalegeza mikanda ya mabega na kupandisha silinda kidogo tu, nikafika. Hiyo peke yake ilinilipia siku, sababu nilikuwa nishaanza kuamini mabega yangu ndo mabovu.

Kingine nlichopenda, hakuna wa kukupimia gesi. Unapima mwenyewe na analaiza (kidude cha kusoma oksijeni), unabandika tepu kwa silinda, unaandika: oksijeni 50%, mwisho mita 21, tarehe, jina. Ukiivuta hiyo ya 50 mita 40 oksijeni yaweza kukupiga kifafa, rigyuleta ikatoka mdomoni, na maji hayangoji. Ndo maana kabla ya kubadilisha gesi mwenzako lazima asome tepu yako na yeye.

Sasa malalamiko. Twinset yao ya kukodi valvu ya katikati imekula chumvi, kuigeuza ni vita, na kwa mazoezi ya valvu hiyo ni aibu. Halafu kila kitu kina bei yake pembeni, wing (mfuko wa hewa wa mgongoni wa kukuelesha), rigyuleta, taa, na unaambiwa ukiwa ufukweni tayari. Na siku ya kwanza kusi ilikuwa imechafua bahari wakaahirisha, sawa, lakini meseji imenifikia nishavuka feri kutoka Likoni na matatu nishalipa. Simu tu jamani.

Kwa anayefikiria: kama bado unatetemeka kujaza maski maji na kuitoa, usiende, utalipia bure. Kama hiyo unafanya huku unaongea kwa ishara, nenda, ila ngoja kaskazi uone unachofanya. Mimi kozi naanza msimu ukifunguka. Mwenzangu yuko bwawani kila jioni na boya lake, hasemi na mtu. Na bei ya vifaa sikizana nao kwa meseji kabla hujavaa chochote.