TAHADHARI: Anayeuza "vyombo vya fedha vya Kitaliano vya 1860" huku Malindi, itafuteni nyota kwenye muhuri kwanza

Jamani wa Malindi, Watamu mpaka Kilifi, kuna jamaa anazunguka na vyombo vya fedha, vinara, masinia, vibakuli vya sukari, anasema vimetoka kwenye villa ya mzee Mtaliano aliyerudi kwao na kwamba vyote ni vya Napoli, mwaka 1860. Mimi ashanila. Nimechukua jozi ya vinara vya mishumaa, mizani ikasoma gramu 1,160, akanipigia shilingi 130 kwa gramu nikatoa laki moja na nusu kesh, manake nilivigeuza nikaona 800 imegongwa na najua fedha nyingi ya Waitaliano ndiyo hiyo, sehemu 800 za fedha safi katika 1000.

Sasa 800 yenyewe haikudanganya, uongo uko pembeni yake. Usiku nikaazima lenzi ya fundi saa, nikamulika tochi ya simu kwa ubavu, nikaona muhuri mdogo kama punje ya mchele, ndani una nyota, kisha namba, kisha herufi FI. FI ni Firenze, mkoa wa fundi, na namba ni ya fundi mwenyewe. Nyota ndiyo inamuumbua, kwa sababu imekuja na sheria ya Italia ya 1968! Kinara cha 1860 kitapata wapi nyota hiyo? Na hata ukikuta namba na herufi za mkoa bila nyota, MI ya Milano au NA ya Napoli, bado ni baada ya sheria ya 1934. Za wakati wa Mussolini zina na alama ya ile fimbo ya vijiti vilivyofungwa pamoja na shoka.

Cha Napoli cha miaka hiyo anayoitaja yeye kingekuwa na kichwa cha mwanamke kando yake N na 8. Italia ilipoungana wakaweka kichwa cha mwanamke mwenye taji la minara, sheria ya 1872, lakini ilikuwa hiari, kwa hiyo vipo vya kale halali kabisa vyenye 800 peke yake, msivitupe. Ila 800 pia Wajerumani waligonga, wao kuanzia 1888 wanaweka kando yake mwezi mchanga na taji.

Kilichoniuma zaidi ni uzito. Nimevipeleka kwa sonara Mombasa, mzee akakigonga kinara kwa kucha, akanyamaza, akabandua kile kitambaa cha kijani cha chini, akapasha sindano moto akaidunga ndani na sindano ikazama taratibu, ikatoka na kitu cheusi kinanuka lami. Katikati kuna chuma. Fedha ni ganda tu la nje, alikadiria viwili pamoja havifiki gramu 300, kwa hiyo lami nimeinunua kwa bei ya fedha. Kinara, vishikio vya visu, fremu za picha, msikubali kabisa kuuziwa kwa mizani, hata muhuri ukiwa wa kweli.

Na asiwaonyeshe sumaku. Atawaambia "ona, hainasi", kweli fedha hainasi, lakini shaba nyeupe ile Waitaliano wanaita alpacca nayo hainasi, na shaba ya njano hainasi. Bora maji: kitu kisichojazwa lami wala chuma ndani, pima kavu, kisha kitumbukize kimening'inia kwenye uzi ndani ya chombo kilichoko juu ya mizani, gawa uzito mkavu kwa gramu zilizoongezeka. Fedha ya 800 inakuja kama 10.1, alpacca haifiki 9.

Nimempigia mara nne kurudishiwa pesa yangu, mwanzo alisema atamuuliza mwenye mali, sasa kaniblock. Juzi dada mmoja wa Watamu kanionyesha picha ya sinia analotaka kuuziwa na huyo huyo, upande wa nyuma pana sehemu imepigwa msasa, na ukivuta picha unasoma A, L, P, mwanzo wa alpacca. Kashatoa deposit ya elfu ishirini. Kama kuna mwengine ashampa pesa, au anakuja kwako wiki hii, mwambie akupigie picha ya muhuri kwa karibu, taa itoke ubavuni, kabla hujampa hata shilingi. Akikataa mwache aende.