Nilivyohamishia API yangu Lambda bila kuiandika upya

API yangu, yaani mlango ambao programu nyingine huuita kuomba data, imejengwa kwa FastAPI ya Python na ina njia (anwani za kuitwa) 40 na ushee. Miaka yote ilikaa kwenye seva moja inayowaka usiku na mchana, hata saa ambazo hakuna anayeiita. Nilitaka kuihamishia AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo pale tu unapoitwa, ila kuandika upya njia zote hizo sikuwa na muda wala moyo.

Nilitumia Mangum, maktaba ndogo ya Python. Kazi yake ni ukalimani tu: inapokea tukio la JSON (data kwa maandishi) kutoka API Gateway, lango la Amazon linalopokea maombi ya mtandaoni, inaligeuza kuwa ombi ambalo FastAPI inalielewa, kisha inarudisha jibu kwa lugha ya Lambda. Kwenye msimbo niliongeza mistari miwili. Njia zikaitika siku hiyohiyo, pamoja na ukaguzi wa tokeni (kitambulisho cha anayeita). (Wanaotumia Express, mfumo wa JavaScript, wana serverless-http, inafanya kazi hiyohiyo.)

Tabu ilitoka kwenye mazoea ya seva ya zamani ambayo sikuwahi kuyaandika popote. Picha za watumiaji nilikuwa nazihifadhi kwenye folda ya programu. Lambda inakuruhusu kuandika ndani ya /tmp tu, tena kilichomo hakina uhakika wa kuwepo kesho. Picha zikahamia S3, ghala la mafaili la Amazon. Barua pepe nilikuwa nazituma kwa BackgroundTasks, kazi za FastAPI za nyuma ya pazia, mteja akishapata jibu lake. Chini ya Mangum jibu halitoki mpaka kazi hizo ziishe, kwa hiyo mtu alijisajili na kukaa akiitazama skrini. Sasa barua zinapita kwenye SQS, foleni ya Amazon ya kazi zinazosubiri zamu.

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni hifadhidata, na kosa lilikuwa langu. Puli (akiba ya miunganisho) ya asyncpg, maktaba inayounganisha Python na hifadhidata, usipogusa mipangilio yake, hufungua miunganisho 10 kwa mkupuo. PostgreSQL, hifadhidata yenyewe, nayo usipoigusa inakubali 100. Kila nakala ya funksheni (msimbo wako ndani ya Lambda) hushughulikia ombi moja kwa wakati, hivyo maombi yakija kwa pamoja nakala zinaongezeka, na zikifika 10 tu mlango umejaa. Nilipunguza puli hadi muunganisho 1 na kuweka katikati PgBouncer, programu inayogawa miunganisho michache kwa wengi. Tangu hapo kimya.

Funksheni iliyolala huchelewa kuamka, hilo linajulikana. Yangu ilichelewa kupita kiasi kwa sababu nilipakia pandas, maktaba nzito ya kuchambua data, juu kabisa ya faili kwa ajili ya njia moja. Niliishusha ndani ya njia yenyewe, nikapandisha kumbukumbu kutoka MB 128 hadi 512. Nguvu ya kichakataji hupanda pamoja na kumbukumbu, na tofauti niliiona mara moja.

Ningeirudia kazi hii? Ndiyo, ila ningeanza na puli. Seva ya zamani bado sijaizima: kuna ripoti moja inayochukua dakika 2, na API Gateway kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri takriban nusu dakika tu.